Rolex yenye dodo: kampeni ya lishe ya wanafunzi Kansanga

Ikifika saa moja jioni, vibanda vya chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara ya Ggaba, pale Kansanga, Kampala, huzungukwa na wanafunzi. Wengi wanazungumza Kiswahili, maana wametoka Kenya, Tanzania na Kongo kuja kusoma. Muhula uliopita baadhi yao walianzisha kampeni ya kula vizuri. Walibandika mabango hosteli, wakapima watu shinikizo la damu bure, kisha wakatoka nje ya geti kuongea na wauzaji. Mtaa ukagawanyika: wapo waliowapongeza, na wapo waliosema vijana hawa waache kuwasumbua watu wanaohangaikia riziki.

Hoja ya wanafunzi ina uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Uganda ana shinikizo la juu la damu, na karibu 9 kati ya 10 hawali matunda na mboga za kutosha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 kwa siku, na nchi hii ina maparachichi, mananasi na ndizi za kila namna. Mwanafunzi akila kikomando mchana, yaani chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage, na usiku akapiga rolex na soda, wiki itaisha hajala tunda hata moja.

Lakini ale nini? Hosteli nyingi zinakataza jiko la makaa na koili ya umeme, na moto ukishika mnaelewa kwa nini. Chapati iko hapo mlangoni, ya moto, na inashibisha. Tena rolex yenyewe ina mayai, nyanya, kitunguu na kabichi ndani. Bango lililoandikwa "Achana na rolex" lilinikera, kwa sababu ni chakula chenye yai ambacho wanafunzi wengi wanakimudu. Pembeni mwa maneno hayo walichora tufaha na brokoli! Dodo, yaani mchicha, na mboga nyingine za majani kama nakati na ebbugga zinapangwa mafungu sokoni kila asubuhi, na hakuna aliyezikumbuka. Wala viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, vilivyompa Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawakulifikiria, nami naliona zito kuliko yote. Miaka ya 1980 ukimwi ulipoingia Uganda, watu waliuita "slim", kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Mama wa miaka sitini anayeuza matooke, ndizi za kupika, hapa mtaani alizika watu waliokwisha mwili mbele ya macho yake. Kwake mwili ulionona ni dalili ya uzima. Leo binti wa miaka ishirini anamwambia, "Mama, punguza uzito." Unadhani anasikia nini? Ukitaka kuongea naye, anza na presha na sukari, magonjwa anayoyaona kwa majirani zake. Uzito uache kwanza.

Kilichonibadilisha mawazo kuhusu kampeni hii ni kitu kidogo. Binti mmoja alimwomba kijana wa chapati apunguze mafuta. Akajibiwa, "Dada, nikipunguza inakauka. Ikikauka utainunua wewe?" Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuweka dodo kwenye mayai. Kesho yake alileta fungu lake mwenyewe, limeoshwa. Kijana akalikatakata jembamba, akalikoroga na mayai na kitunguu, akamimina. Yai likaiva na madoa ya kijani, akaliviringisha ndani ya chapati kama kawaida. Waliokuwa kwenye foleni wakauliza ni rolex gani hiyo. Mabango yote yale hayakuwahi kuulizwa swali.

Hata hivyo wanafunzi wasijipongeze mapema. Mafuta ni yale yale, unga ni ule ule mweupe, na chumvi kijana anairusha kwa vidole, wakati kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Dodo halifuti hayo. Chumvi ndiyo iliyopaswa kufuata, kwa sababu kuipunguza hakumgharimu muuzaji kitu, na ulimi huzoea polepole. Serikali ya wanafunzi nayo ingedai jiko la pamoja lenye usalama hosteli. Hilo liko ndani ya uwezo wao kuliko kumfuata mtu kibandani kwake. Na waliotoka Mwanza na Kisumu wanajua kupika dagaa. Hapa Ziwa Victoria hilo hilo linatoa mukene, yaani dagaa hao hao, na sehemu kubwa yao inasagwa kuwa chakula cha kuku.

Wapinzani walikuwa na swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: wanafunzi wakiondoka, itakuwaje? Chuo kilifunga, hosteli zikabaki tupu. Wiki ya pili ya likizo nilipita pale kibandani. Juu ya meza, kando ya trei ya mayai, palikuwa na sufuria ya dodo lililokatwa, na fundi bodaboda alikuwa akiagiza: "Mbili, zile za kijani."