Bangi Mwanza: kati ya kete na gunia

Mjadala wa bangi ukianza kijiweni Kirumba, haupiti dakika tano kabla watu hawajagawanyika: huyu anasema ni dawa, yule anasema ni uchizi. Swali gumu zaidi huwa halifikiwi: nani afungwe, na kwa kiasi gani?

Wanaoitetea kama dawa wana hoja, ila si pana kama inavyotangazwa. Bangi ina kemikali mbili zinazotajwa sana: THC ndiyo inayolevya, CBD hailevyi. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina adimu za kifafa ni CBD iliyosafishwa, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na haina uhusiano na moshi wa msokoto. Desemba 2020 Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961, yaani orodha ya dawa zinazohesabiwa hatari zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Ikabaki Jedwali la Kwanza, bado chini ya udhibiti mkali. Anayesema dunia imeshaihalalisha amesoma nusu ya habari.

Sasa madhara. Wapo wavuvi wanaoamini kwamba msokoto huondoa baridi ya ziwa na woga wa usiku. Ukivutwa, ndani ya dakika chache mishipa ya damu hutanuka, macho huwa mekundu, moyo huenda mbio. Joto linalosikika ni damu iliyosogea karibu na ngozi, na huko ndiko joto la mwili linakopotelea. Woga hupungua kwa wengine. Wengine hupatwa na hofu kali. Kinachoharibika kwa wengi ni kukadiria umbali na muda, tena wakati mtu anavuta nyavu gizani, kamba iko miguuni na boya la kujiokoa limebaki nyumbani. Dereva wa bodaboda anayeshuka kilima cha Bugando yuko kwenye hatari hiyo hiyo.

Bangi ya kula ina mtego wake. Huchukua dakika 30 hadi saa mbili kupanda, hivyo mlaji hudhani kipande cha kwanza hakina kitu, akaongeza cha pili. Vyote viwili humpandia kwa pamoja.

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mtumiaji mmoja kati ya 11 huwa mraibu, na kwa aliyeanza akiwa kijana mdogo, karibu mmoja kati ya sita. Akiacha, hukosa usingizi na hamu ya kula, hukasirika ovyo, kwa wiki moja au mbili. Familia nyingi huulizia methadoni. Hiyo ni ya waraibu wa heroini. Kwa bangi hakuna kidonge mbadala, tegemeo ni ushauri nasaha. Na akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, apelekwe kwa daktari wa akili mapema, asisubiriwe mpaka avue nguo barabarani.

Kwenye sheria ndiko ninakotofautiana na pande zote mbili. Katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, "kusafirisha" si kubeba mzigo barabarani tu. Kuhifadhi na kusambaza vimo humo, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Watetezi wa ukali huo wanawaza magunia yanayotoka Tarime, na hapo wana haki. Lakini mwenye gunia ana dereva, ana mpokeaji, ana wakili. Mwenye kete ana mfuko wa suruali.

Wakili naye hutafuta mwanya kwenye vielelezo: mzigo haukupimwa mbele ya shahidi huru, bahasha haikufungwa lakiri kabla ya kwenda kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, au haijulikani nani aliitunza katikati. Pengo moja kama hilo linaweza kuiua kesi ya kilo nyingi.

Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima atumie na kulima kwa matumizi yake faraghani. Kuuza kukabaki kosa. Hapo ndipo ningeishia hata kwetu: mtumiaji apelekwe kwenye ushauri, muuzaji abaki mahakamani. Biashara halali siiungi mkono kwa sasa, kwa sababu moja ya dukani kabisa: sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na bado mtoto anatumwa kioskini Igoma kununua moja moja, anapewa na kiberiti.