Amri ya kuegesha lori na mzigo wa siku zinazopotea

Mwezi Machi mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi cha NHTSA, ilitoa tangazo la aina ambayo hutolewa kwa nadra sana. Wenye malori ya Volvo ya aina za VNL, VNM na VNX, matoleo ya mwaka 2016 na 2017, waliambiwa wayaegeshe mara moja na wasiyarudishe barabarani mpaka yatakapokuwa yametengenezwa. Malori hayo, yaliyotoka kiwandani kati ya Mei 2015 na Machi 2016, yalikuwa karibu 16,000. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa wito wa kuyarejesha kwa marekebisho. Jipya lilikuwa ukali wa amri, kwa kuwa wakaguzi wa barabarani nao walitakiwa kulizuia lisiendelee na safari lori lolote la kundi hilo ambalo halijarekebishwa.

Kasoro ilikuwa kwenye shafti ya chini ya usukani. Shafti hiyo ina vipande viwili, na kazi yake ni kuupokea mzunguko wa mikono ya dereva na kuufikisha kwenye stelingi boksi, ambayo ndiyo inayosukuma rodi na kugeuza matairi ya mbele. Ilibainika kwamba katika baadhi ya malori pini inayovishikanisha vipande hivyo huenda haikuwekwa kabisa, na kwamba bolti inayoiunganisha shafti hiyo na sehemu ya juu ya usukani huenda haikukazwa ipasavyo. Pini ya namna hiyo ni kijichuma kilichokunjwa mfano wa mrija, ambacho fundi hukishika kwa vidole viwili na kukigonga kwa nyundo mpaka kizame tunduni. Kikikosekana, shafti inaweza kuachana bila kutoa dalili yoyote, na dereva akabaki anazungusha usukani usiofika popote.

Hapo ndipo hoja ya kuegesha inapopata nguvu zake zote. Kichwa, yaani sehemu ya mbele ya lori yenye injini, na trela lake, vikiwa vimebeba uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kawaida kwenye barabara kuu za Marekani, hufikia takribani tani 36. Kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa, lori hilo hupita mita 29 katika kila sekunde, ndani ya njia ambayo upana wake haufiki mita nne. Breki ikilegea, dereva hupata walau nafasi ya kushusha gia na kutafuta pembeni, na tairi likipasuka bado ana usukani wa kupambana nao. Usukani ukikatika hana cha kushika, na anayelipa anaweza kuwa mama aliye na watoto kwenye gari dogo la njia ya pili, ambaye hajui lolote kuhusu pini wala bolti.

Tena, ukaguzi wa kila siku hautoshi kuokoa jahazi. Sheria za Marekani zinamtaka dereva ajiridhishe kabla ya safari kwamba lori lake liko salama, na madereva makini hutingisha usukani huku na huku ili kupima mchezo wake. Lakini shafti isiyo na pini inaweza kuwa bado imekaa kwenye meno yake, ikaitika vizuri asubuhi uwanjani na kuchomoka mchana barabarani. Ukimwambia dereva wa namna hiyo kwamba aendelee na kazi huku akiwa mwangalifu, humsaidii kitu. Kwa sababu hiyo naona mamlaka ilitenda haki ilipokataa maneno laini ya “peleka gari kwa wakala utakapopata nafasi”.

Upande wa pili nao una uzito wake, na haupaswi kuchukuliwa kuwa ni manung'uniko ya watu wanaopenda fedha kuliko uhai. Wito wa kurejesha magari huhesabu kundi zima lililopita kwenye mstari uleule wa uundaji kwa kipindi fulani, hata kama yenye kasoro ni sehemu tu ya hayo. Hivyo kuna wenye malori walioegesha magari mazima kabisa. Sheria inawahakikishia matengenezo bila malipo, na haki hiyo ni ya kweli. Lakini neno “bila malipo” linaishia kwenye vipuri na mikono ya fundi. Siku ambazo lori limesimama, mzigo uliopewa mwingine, marejesho ya mkopo na bima inayoendelea kudai, hayo yote hubaki kwa mwenye gari, na hati za dhamana kwa kawaida huziondoa waziwazi hasara za namna hiyo.

Kampuni yenye malori mia tano huhamisha mizigo kwenye magari mengine na kuendelea. Anayeumia ni mtu mwenye kichwa kimoja alichokinunua kwa mkopo, ambaye hana mshahara unaoingia iwapo magurudumu hayazunguki. Madereva wa namna hiyo ni wengi Marekani, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Kumwambia mtu huyo aegeshe ni kumwamuru agharimie usalama wa umma kutoka mfukoni mwake kwa kosa lililofanyika kiwandani. Wanaoweza kuvumilia hasara wataegesha. Wenye njaa watasafiri usiku wakikwepa mizani, na hapo amri iliyokusudiwa kuokoa maisha huwa imezaa hatari ileile.

Je, mtengenezaji alazimishwe kulipa siku hizo? Wanaopinga wana hoja ambayo mimi naiona kuwa nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Mfumo wa Marekani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 1966, unategemea sana mtengenezaji ajitaje: anapotambua kasoro ya usalama anapaswa kuijulisha mamlaka ndani ya siku tano za kazi. Kila unapoongeza gharama ya kukiri, unaongeza pia kishawishi cha kuchelewa kukiri, na cha kubishana kama kweli hiyo ni kasoro ya usalama au ni uchakavu wa kawaida. Katika jambo la usukani, wiki moja ya ubishi ofisini ni wiki nzima ya malori barabarani.

Hata hivyo hoja hiyo inahusu wito wa kurejesha magari kwa jumla, na amri ya kuegesha ni jambo jingine. Wito mwingi unamruhusu mwenye gari aendelee na kazi akisubiri zamu yake kwa wakala. Amri ya kuegesha hutokea mara chache, na inapotokea huwa imeondoa riziki kwa nguvu ya serikali. Kwa matukio hayo machache tu, fidia ya siku yenye kiwango cha juu kilichowekwa wazi, ilipwe kwa lori la mwenye gari mmoja au wawili, haiwezi kumyumbisha mtengenezaji mkubwa. Nayo ingemharakisha kupeleka vipuri na mafundi. Kishawishi cha kuficha kitabaki, sikatai, lakini dawa yake ni adhabu kali kwa anayechelewa kutoa taarifa.

Kuna pengo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni namna habari inavyomfikia mtu. Kanuni inayowalazimisha watengenezaji kuweka mtandaoni utafutaji wa wito kwa namba ya chesisi inahusu magari madogo na pikipiki. Malori makubwa hayamo. Barua nayo hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, ambaye pengine amehama, au ameuza, au anasoma Kiingereza kwa shida. Lori la mwaka 2016 leo linaweza kuwa mikononi mwa mmiliki wa tatu asiyewahi kusikia habari ya ile pini. Haki ya kutengenezewa bure, lakini, hulifuata gari, hata likibadilisha jina kwenye kadi. Anayenunua kichwa cha kundi hilo aombe karatasi ya wakala inayoonyesha kwamba kazi ya shafti ilifanyika, na ikikosekana apeleke namba ya chesisi kwa wakala yeyote wa Volvo kabla hajatoa fedha wala kuwasha injini.