Upatu Una Maana Mbili

Jumamosi jioni uani kwa mama mkubwa, Mbagala, moto ni mmoja ila una kazi mbili. Juu ya mafiga kuna sufuria la maharage ya kuuza Jumapili asubuhi. Pembeni, ngozi zikiuelekea moto, zimelazwa ngoma tatu. Ngozi ya ngoma ikiingia ubaridi hulegea ikatoa sauti ya ndoo ya plastiki, kwa hiyo kabla ya mazoezi lazima ioteshwe hadi ukiigonga kwa ukucha ijibu. Kuna kijana amepewa kazi ya kuzigeuza. Ameshafokewa mara nyingi asizisogeze mno, maana ngozi ikiungua harufu inahamia sufuriani, na maharage yanayonuka mbuzi aliyeungua hayauziki.

Kikundi chao kina wanawake 17 na vijana wanne wapigaji. Asubuhi karibu wote wako kwenye chakula: mama lishe sita, wauza vitumbua na maandazi, mmoja wa mihogo ya kukaanga, na mmoja wa supu ya pweza ambaye humwoni barabarani kabla ya saa kumi jioni. Mara mbili kwa wiki wanakutana kucheza mdundiko na vanga. Wanaitwa kwenye harusi, kwenye kumtoa mwali, kwenye kampeni, na kwenye uzinduzi wa kila kinachozinduliwa, kuanzia kisima hadi choo cha shule.

Mwaka jana wakaja watu wa mradi. Siwataji, wala sina ugomvi nao. Walikuwa vijana waungwana na chai yao ilikuwa na maziwa. Bango lao lilisema wanakuja kuwainua wakazi kwa sanaa ya ngoma na ujasiriamali wa chakula. Nikasema, haya, leo wamepatikana watu wanaotujua. Nilikwenda kumsindikiza mama mkubwa kwa sababu penye makaratasi miwani yake huwa ni mimi. Tulipoingia ukumbini, mwezeshaji akashika kipaza sauti: wenye vipaji vya kucheza wakae kulia, wajasiriamali wa chakula wakae kushoto.

Mama mkubwa akabaki amesimama katikati na mkoba wake.

"Mwanangu, mimi ni yuleyule. Nikae wapi?"

"Mama, chagua kimoja tu, tutakuja kuchanganya baadaye."

Hiyo baadaye hatukuiona. Aliketi kushoto, kwa sababu feni ilikuwa kushoto.

Nimelifikiria sana jambo lile, na nadhani kosa la miradi yetu mingi ya namna hii limo humo ukumbini, kwenye kutenganisha viti. Anayecheza anaonekana ni kipaji cha kulelewa, anayepika ni masikini wa kuwezeshwa. Kila mmoja anapewa mafunzo yake, na kile kinachowaunganisha, yaani kikundi chenyewe, hakina aliyekuja kukiuliza habari zake.

Lugha yetu haikufanya kosa hilo. Upatu, kwa anayejua ngoma za pwani, ni kile chombo cha shaba kama sahani kinachogongwa kwa kijiti, kinachopenya katikati ya vishindo vya ngoma na kumwambia mchezaji alipo. Upatu, kwa kila mwanamke wa Dar es Salaam aliyewahi kununua kabati, ni ile fedha mnayochanga kwa zamu, leo anapokea huyu, wiki ijayo yule. Na huo upatu nao huchezwa. Tunasema nacheza upatu, nacheza mchezo, mchezo wetu ni wa elfu tano kwa siku. Sina ushahidi wa nani alianza kuliazima jina hilo na kwa sababu gani, ila ukikaa uani kwa mama mkubwa huoni ajabu. Kijumbe anayekusanya hela za mchezo ndiye huyohuyo anayeanzisha wimbo. Asiyefika mazoezini Jumatano, siku hiyohiyo wanajua kuna jambo: mtoto anaumwa, au biashara imelala, au amekimbia zamu.

Na si jambo la jana. Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wanawake ndani yake walikuwa wa kuhesabu vidoleni. Waliomfuata Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa chama hicho, hawakumfuata kwa cheti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji mzima wa Waafrika ulikuwa umejaa vikundi kama hicho, kila kimoja na viongozi wake, sare zake na michango yake. Bibi Titi alikwenda kwa viongozi wa ngoma, viongozi wakazungumza na watu wao, na katika muda mfupi wanawake waliochukua kadi walihesabika kwa maelfu. Walikuwa kina nani hao? Wengi wao walikuwa wauza vitumbua, maandazi na samaki wa kukaanga, na wapika pombe pia, tusione haya. Walikuwa na hela zao ndogo mkononi, hawakuhitaji ruhusa ya mwajiri kwenda mkutanoni, na walikuwa wamezoea kukusanyika. Leo tuna Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya mji, magari yanapita, na sidhani kama wengi humo ndani wanajua kwamba ile safari ilianzia kwenye ngoma.

Sasa nenda halmashauri na kikundi cha namna hiyo uone. Ngoma ni mlango wa afisa utamaduni, na mkitaka kutambulika kama wasanii kuna Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Chakula ni mlango wa afisa maendeleo ya jamii, kisha afisa biashara, kisha watu wa afya, kwa sababu anayeshika chakula cha watu lazima apime afya yake kila baada ya miezi sita (na hili naliunga mkono kwa mikono miwili, kipindupindu hatukukisikia redioni tu). Mama mkubwa amekaa kwenye mabenchi ya milango yote hiyo. Kila mlango unaona nusu yake.

Mlango wenye fedha ni ule wa maendeleo ya jamii. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni sera nzuri, na nasema hivyo nikijua ilivyotutesa. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha, pamoja na mengine, fedha zilizokwenda kwa vikundi hewa, yaani majina ya watu ambao hawajawahi kukaa pamoja hata kunywa maji. Mwaka 2024 ikarejea, na masharti yakakazwa: fomu zaidi, uhakiki zaidi, mihuri zaidi.

Mimi nina kipimo changu cha kikundi hewa, tena cha bure. Waambie wapige ngoma. Vanga haichezwi na watu waliokutana jana. Waitikiaji wakipishana na mwanzilishi, hata mtoto anayepita na dumu la maji anasikia. Kikundi ambacho kimekutana mara mbili kwa wiki kwa miaka tisa, kikazika wawili wao na kutoa mwali mara zisizo na hesabu, kina kumbukumbu za mahudhurio kuliko daftari lolote la afisa. Lakini tulipojaza fomu, tulishauriwa kwa wema kabisa tuifute ngoma. Andikeni mapishi, ngoma itawaletea maswali. Tukafuta.

Wakati ninyi mnasubiri uhakiki, mkopeshaji wa mtaani hasubiri. Ile mikopo tunayoiita kausha damu inatolewa asubuhi, kwa kitambulisho na picha ya friji, na marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki. Mama lishe anauza sahani ya wali maharage kwa shilingi 2,000. Toa mchele, mafuta, mkaa, maji, msaidizi na ushuru, kinachobaki unakijua. Siku mvua ikinyesha haguswi na mteja, ila wa marejesho anakuja na mwavuli. Katika kikundi cha mama mkubwa waliotoka huko ni watatu, na wote walitolewa kwa zamu ya upatu waliyosogezewa mbele na wenzao. Hakuna mwezeshaji aliyewafundisha hesabu hiyo. Walikaa baada ya mazoezi, jasho halijakauka, wakaamua.

Naomba nisionekane naipamba ngoma. Ngoma ina ugomvi wake, na mkubwa ni wa sare. Kikundi kinaweza kula mtaji wa mwezi kwa kununua kitenge kipya kwa sababu kikundi cha mtaa wa pili kimevaa kipya. Hili nalo lina ukoo mrefu. Mombasa, enzi za lelemama, ngoma ya wanawake, vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ngoma na kwa karamu, huyu akipika vile, yule akipika zaidi, na fedha iliyoungua humo si ndogo. Nikimwambia mama mkubwa hivyo ananijibu kwamba angalau wale walikula. Kisha ananionyesha kitenge.

Na ngoma peke yake haiweki ugali mezani. Mnaalikwa saa mbili asubuhi kumpokea kiongozi, anafika saa saba, mmecheza juani mara nne kwa kila gari linalofanana na lake, mwisho mnapewa soda na posho ya kugawana ambayo haifiki nauli. Halafu jukwaani anayesifiwa kwa "burudani murua" ni aliyewaalika. Harusini ni afadhali, kwa sababu watu wanatunza. Lakini huko pia chakula kinachoagizwa ni cha kampuni ya mapambo yenye magari, wakati waliokodiwa kucheza ni wapishi wenye masufuria ya kulisha watu mia mbili. Mwenye harusi hajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuzia vyote viwili kwa mkataba mmoja.

Hapo ndipo fedha ya mradi ingefanya kazi. Mafunzo ya siku tano kuhusu "kujitambua" mtu wa miaka 58 aliyelea watoto saba kwa vitumbua hayahitaji. Anahitaji turubai, masufuria makubwa, majiko ya gesi, mtu wa kumwandikia bei na mkataba, na pahali. Pahali hasa. Tangu Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa barabarani Dar es Salaam, wako mama lishe waliopelekwa kwenye masoko ambayo mteja hapiti. Uwanja mmoja wa kata wenye maji, choo na taa ungetosha: mchana wanauza, jioni wanacheza, na anayekuja kutazama anakula. Wazo lenyewe si geni. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama wamekuwa na Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, ambako kabila linalopewa zamu linakuja na ngoma zake na vyungu vyake, na sijasikia mgeni akiulizwa amefuata kipi.

Ule mradi wa bango ulimalizika kwa picha ya pamoja na vyeti. Wa kulia walipata fulana, wa kushoto walipata aproni. Mama mkubwa anatumia aproni yake kushikia ngoma ya moto inapotolewa mafigani, na kwa kweli inafaa.

Mwezi huu dirisha la mikopo limefunguliwa tena, na fomu naijaza mimi. Safari hii sikufuta kitu. Kwenye kipengele cha vitendea kazi nimeandika masufuria saba, majiko mawili ya mkaa, meza tatu, mabenchi manne, ngoma tatu, upatu mmoja. Afisa akiuliza ni upatu upi, nimeshaambiwa cha kumjibu: aje Jumamosi saa kumi na moja, na aje na njaa.