Mashine ilisema kinyozi wangu si Mkenya

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi Eastleigh, hapa Nairobi, kichwa kimenyolewa nusu, televisheni ikamleta mheshimiwa mmoja. Dawa ya mpaka wetu na Somalia, alisema, ni droni, kamera za kuona usiku na mitambo ya kutambua nyuso. Akaapa kwamba hata sisimizi hatapita. Wateja wawili wakapiga makofi. Kinyozi wangu akazima mashine, akacheka kicheko cha mtu aliyebishiwa hodi na mwenye nyumba tarehe tano, akaendelea kuninyoa.

Hasira haijanitoka tangu siku hiyo, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Ahadi hizi tumezizoea. Baada ya shambulio la al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148 wakiwa wamezikwa, tuliahidiwa ukuta. Mpaka wenyewe unakaribia kilomita 700. Kufikia 2019 wabunge walikuwa wakiuliza imekuwaje shilingi bilioni 3.4 zimezwe na uzio wa kilomita kama 10 hivi kule Mandera. Seng'enge imetushinda, sasa tunapandishwa angani! Hapa mjini na Mombasa nako, baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, tulitundikiwa kamera 1,800. Januari 2019 waliovamia hoteli ya Dusit, hapa hapa Nairobi, walikuja kwa gari, mchana kweupe.

Halafu tuikumbuke Garissa yenyewe. Mmoja wa wauaji wale alikuwa mtoto wa chifu kutoka Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa ameshapiga ripoti kwamba kijana ametoweka. Droni ingemnasa wapi huyo? Tahadhari zilikuwepo, hata vyuo vilikuwa vimebandika matangazo. Risasi zilianza alfajiri. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilifika jua limeshapita utosini.

Sawa, nakubali shingo upande: askari anayepita barabara za Lamu zilizotegwa mabomu anahitaji kitu cha kumtangulia angani. Mpeni hiyo droni, tena leo.

Ila mimi nataka kuwasimulia habari za kinyozi. Kwao ni kaunti ya Garissa, si mbali na kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Ukame wa 2011 ulipomaliza mifugo yao, mama yake aliwachukua watoto akaenda kujiandikisha kambini kama wakimbizi, kwa sababu kambini kulikuwa na unga, mafuta na daktari, na kijijini, ndani ya Kenya yao wenyewe, hakukuwa na kitu. Yeye alikuwa na miaka tisa. Akaambiwa aweke kidole kwenye mashine, akaweka. Mtoto wa miaka tisa mwenye njaa ungemwambia aweke kichwa, angeweka.

Alipofika kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho. Akaweka kidole kilekile. Mashine ikasema: mkimbizi. Babu yake ana kitambulisho, baba yake anacho, chifu anamjua tangu akiwa mgongoni. Mashine imesema, basi. Wenzake wa aina hiyo kule kaskazini wamekuwa wakikadiriwa kufika 40,000.

Sasa fikiria kuishi Nairobi hii bila kitambulisho. Huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti benki, jengo lolote la maana bawabu anakurudisha mlangoni. Kazi ya ofisi usahau, ndiyo maana ananyoa vichwa vya watu kama mimi wanaolalamika kuhusu fedha za uzio. Februari 2025 Rais akiwa Wajir alipotangaza mwisho wa zile kamati za kuwahoji watu wa kaskazini kabla ya kupewa vitambulisho, nilimletea habari mbio nikidhani atafurahi. "Mzee," akaniambia, "mimi sijakwama kwa kamati. Mimi nimekwama kwa kompyuta."

Nikamuuliza, na Nairobi ulifikaje, na vizuizi vyote vile? Akanitazama kama mgeni nchini. Alilipa. Kizuizi cha kwanza mia mbili, cha pili mia mbili, kimoja usiku kilitaka mia tano. Kwa hiyo mtambo uliomkataa Mkenya halisi ungeshindwa na yeyote mwenye noti chache mfukoni, awe na nia gani. Na msinichokoze kuhusu sukari ya magendo. Lori zima la sukari linahitaji kamera ya kuona usiku?

Babu zetu walivalishwa kipande, kitambulisho cha mkoloni, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, ili mzungu ajue nani yuko wapi na nani katoroka shamba. Tulikichukia hata leo tunasimulia. Sasa tunapigia makofi kipande cha kidole na cha uso, kwa kuwa tunadhani kitawabana wale wengine, wale wa kule, na sisi wa huku kitatupita. Wale wawili waliopiga makofi, kwa taarifa yenu, walikuwa wakinyolewa na mtu ambaye kamera ya mheshimiwa ingemkamata wa kwanza.

Alipomaliza kuninyoa nilitaka kulipa kwa M-Pesa. Akanitajia namba. Simu ikaleta jina la mwanamke.

"Ni wa nyumbani," akasema. "Tuma tu."