Kura Tatu Ndiyo Iliyoiua UTP

Masimulizi mengi ya uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika hutupeleka Tabora, Januari 1958, Nyerere akiwashawishi wenzake wa TANU washiriki uchaguzi huo wa kura tatu, kisha TANU imeshashinda. Jinsi kura zenyewe zilivyopigwa haielezwi. Kwa maoni yangu siri yote iko hapo.

Nchi iligawanywa majimbo 10, kila moja na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu hawakufika 25,000, lakini viti vilikuwa sawa. Kuandikishwa kulitaka umri wa miaka 21, na juu ya hapo kipato cha pauni 150 kwa mwaka (yaani shilingi 3,000), au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa kisheria. Mkulima wa kawaida aliachwa nje. Waliojiandikisha nchi nzima walikuwa wachache.

Halafu likaja sharti la kura tatu: kila mpiga kura achague watu watatu, mmoja wa kila rangi. Kumchagua Mwafrika peke yake hakukuruhusiwa.

Gavana Twining na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichopingana na TANU, walitegemea sharti hilo limbane Mwafrika. Lakini sheria ni msumeno. Mgombea Mzungu naye hakuweza tena kupita kwa kura za Wazungu wenzake. Alihitaji kura za Waafrika, na wengi wao waliisikiliza TANU. Chama hicho hakikuwa bado na wanachama wasio Waafrika, kwa hiyo kiliwaunga mkono waliokubaliana nacho, kama Sophia Mustafa upande wa Kaskazini na Lady Chesham Nyanda za Juu Kusini. Majimbo matano yalipiga kura Septemba 1958, UTP ikafagiliwa. Zamu ya matano mengine ilipofika, Februari 1959, viti vingi havikuwa na wa kushindana.

Kwa kuupinga uamuzi wa Tabora, Zuberi Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress). Hoja yake ilikuwa ya haki: mfumo ule ulikuwa tusi. Ila kuususia kungewapa UTP viti vyote 30 bure.

Agosti 1960 majimbo hayo hayakuwapo tena. Viti vikawa 71: 50 vya watu wa rangi yoyote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Kipato kilishushwa hadi pauni 75, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha. TANU ilikosa kiti kimoja tu, Mbulu, na aliyekitwaa, Herman Sarwatt, alikuwa mwana-TANU aliyegombea kivyake.