Bosi akilemewa, amwambie nani?

Wafanyabiashara wakikutana siku hizi, iwe Kisumu au Nakuru, wakubwa wa kampuni wanahimizwa wafunguke. Waseme mbele ya watu kwamba hawalali, kwamba moyo unawadunda kila simu ya benki inapoingia, ili wafanyakazi waone kuwa kuugua akili si aibu. Naunga mkono nusu ya ushauri huo. Nusu iliyobaki inanitia hofu, maana anayeutoa mara nyingi siye atakayelipia matokeo yake.

Mchukue mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi anayeidai kaunti. Barabara ameimaliza, imekaguliwa, cheti anacho, malipo hayaji. Saruji aliichukua kwa mkopo, na dhamana ya mkopo ule ni hatimiliki ya shamba la nyumbani, pengine hilo hilo alikozikwa babake. Mwisho wa mwezi mafundi wanamngoja getini. Ijumaa simu za matanga zinaanza, na kwa kuwa ukoo mzima unamwita mkubwa, jina lake ndilo linaloandikwa la kwanza kwenye orodha ya michango. Mtu huyu akisimama hadharani aseme amelemewa, mwenye saruji atajua tu kwamba inafaa adai chake mapema. Meneja wa benki naye hatafikiri tofauti sana. Ugonjwa ambao ungetulia kwa miezi michache ya matibabu unaweza kumfikisha kwa dalali.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomwita mtu kama huyo mwoga. Hata sheria yetu ilimfundisha kunyamaza. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hadi hapo, Mkenya aliyejaribu kujitoa uhai alikuwa mhalifu wa kushtakiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hilo ni jema, ila haiwezi kufunga midomo katika mji ambako karani wa benki amesoma shule moja na shemeji yako.

Hata hivyo ukimya nao una bei, na bei hiyo huanza kulipwa ofisini kabla bosi mwenyewe hajajua anaumwa. Mhasibu ndiye huiona kwanza. Barua ya KRA, mamlaka ya kodi, inakaa mezani wiki tatu haijafunguliwa. Kodi ya mishahara inayotakiwa kulipwa kufikia tarehe 9 inachelewa, na pesa ziko, ila mwenye kuidhinisha malipo hashiki simu. Zabuni inapita. Fundi aliyekosea jambo dogo anafukuzwa asubuhi, jioni anaitwa arudi. Nyumbani wanaambiwa baba ana kazi nyingi, huku chupa ikizidi kuwa karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka katikati ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa. Wenye maduka waliulizwa hasara ni shilingi ngapi na watafungua lini. Sijui ni wangapi waliulizwa wanalalaje.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini tumwonee huruma mwenye gari kubwa. Swali lake ni la haki. Kibarua wa shamba la maua Naivasha ana msongo wake, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia siku 7 tu za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, baada ya kutumikia miezi miwili. Bosi anaweza kumudu mshauri nasaha Nairobi ambako hakuna anayemjua, kibarua hawezi. Nalikubali lote hilo. Lakini uamuzi mbovu wa mtu aliyelemewa hauishii kwake. Kampuni ikianguka, anayelala njaa kwanza ni yule kibarua.

Mifano miwili inanisaidia hapa. Novemba 2011, António Horta-Osório, mkurugenzi mkuu wa benki ya Lloyds ya Uingereza, alichukua likizo kwa sababu ya uchovu na kukosa usingizi. Hisa za benki zilishuka habari ilipotoka, kwa hiyo wanaoogopa kusema hawaogopi kivuli. Ila Januari 2012 alirudi, na akaiongoza benki ile hadi 2021. Hapa kwetu, Oktoba 2017, kampuni ya simu ya Safaricom ilitangaza kwamba mkurugenzi wake mkuu, Bob Collymore, anakwenda kutibiwa ng'ambo. Majukumu yake yalikabidhiwa mwingine, wananchi wakamwombea, akarejea Julai 2018. Yeye alikuwa na saratani ya damu, na saratani huombewa kwa sauti. Maradhi ya akili bado hatujayapa heshima hiyo, na hilo linaniuma.

Hata hivyo, nikiitazama mifano hiyo naona kilichowaokoa viongozi hao kazini zaidi ya ujasiri wa kusema. Kiti hakikubaki kitupu. Palikuwa na bodi, palikuwa na mtu wa kutia sahihi. Kampuni nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru zinakaa kichwani mwa mtu mmoja: nambari ya siri ya benki anayo yeye, bei anazijua yeye, wateja wana simu yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo afunguke kabla hajapata wa kumshikia kazi ni kumtuma vitani mikono mitupu.

Ndiyo maana ningependa kelele za kufunguka zipungue kidogo, na kazi ya kupanga iongezwe. Daktari aambiwe kila kitu. Mwenzi wa nyumbani aambiwe, hasa kama hatimiliki ya familia iko benki. Naibu aambiwe kiasi cha kumwezesha kufanya kazi. Wafanyakazi wanahitaji kujua nani anaamua na hadi lini; ugonjwa wenyewe ni siri ya mgonjwa mpaka atakapotaka kuusema. Mtia sahihi wa pili aandikishwe benki mwezi ambao mambo ni shwari, maana ukingoja siku ya dhiki, hata kuandikishwa kwake kutazua maswali. Na benki zenyewe, kabla ya kudai hatimiliki ya shamba la mama, zimuulize mkopaji nani ataendesha kampuni akilazwa miezi mitatu, na jibu lake liandikwe kwenye faili ya mkopo.