Maikrowevu Yangu Inafanya Kila Kitu Isipokuwa Kupasha Chakula

Kifaa kikitaka kuharibika, kiharibike waziwazi. Pasi ikifa hubaki baridi na kijitaa chake hakiwaki, balbu ikiungua giza linakuarifu papo hapo, na mtu mzima anajua la kufanya. Maikrowevu yangu haina ustaarabu huo. Ninaweka sahani ya chakula cha jana, ninafunga mlango, ninabonyeza dakika mbili, nayo inawasha taa, inazungusha sahani yake ya kioo, inavumisha feni, inahesabu sekunde moja moja hadi sifuri, kisha inapiga mlio wa kujipongeza. Ninapoonja, pembeni ni baridi na katikati ni baridi. Mabadiliko pekee yaliyopatikana ni kwamba chakula kimetembezwa.

Tangu habari hizi zienee nyumbani, sijakosa washauri. Kijana wangu aliniuliza, “Baba, umeichomeka kweli?” huku taa ya mashine hiyo hiyo ikimmulika usoni. Mke wangu anasema, “Ipumzishe kidogo, Baba watoto, labda imechoka,” na ninapomuuliza imechoshwa na kazi gani, anajibu kwamba mimi ndiye ninayejidai kujua mambo ya umeme. Jirani yetu haamini katika mazungumzo marefu: “Ipige kofi la ubavuni, mzee. Redio yangu ilipona hivyo hivyo.”

Kofi halifai kitu, na sababu yake inaniudhi kuliko ubovu wenyewe. Ndani ya sanduku lile mna nyumba mbili zisizosalimiana. Katika nyumba ya kwanza wanaishi taa, feni, saa na mota ya kuzungusha sahani, ambao hawahitaji zaidi ya umeme wa kawaida wa ukutani. Katika nyumba ya pili kuna transfoma inayoupandisha umeme huo hadi karibu volti 2,000, kisha kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na diodi, kinachopitisha umeme upande mmoja tu, zinazoufikisha karibu volti 4,000, na mwishoni magnetroni, ambayo huugeuza kuwa mawimbi ya gigahezi 2.45 yanayozitikisa molekuli za maji mpaka chakula kipate moto. Nyumba ya pili ikifiwa, nyumba ya kwanza haisitishi sherehe hata kwa dakika moja.

Lawama zote, ukizifuata hadi chimbuko, zinafika mwaka 1945, ambapo mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, aliyekuwa akishughulika na magnetroni za rada, anasimuliwa kuwa aligundua kwamba peremende iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Mtu mwingine angelalamikia suruali. Yeye alianza kupasha vyakula, na kufikia mwaka 1947 ikawepo mashine yenye kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ninawaonea wivu waliokuwa nayo, kwa sababu mashine inayomzidi mtu kimo ikigoma kufanya kazi, angalau unaweza kugombana nayo mkiwa mmetazamana usoni.

Kitabu cha maelekezo kinashauri kuanza na kikombe cha maji, kwani chakula kinaweza kukudanganya lakini maji hayana hila: yaweke kwa dakika mbili katika nguvu ya juu kabisa, na yasipotoka ya moto, ugonjwa umethibitika. Yangu yalitoka kama yalivyoingia. Ndipo unapotakiwa kuhakikisha kwamba hakuna mkono wa mtoto ulioteremsha kiwango cha nguvu, kwa kuwa katika viwango vya chini mashine nyingi huiwasha magnetroni kwa muda mfupi na kuizima kwa muda mrefu, huku sahani ikiendelea kuzunguka bila aibu. Kiwango changu kilikuwa cha juu. Unatakiwa pia kuhakikisha kwamba umeme wenyewe si dhaifu, na kwamba mashine haigombanii soketi moja na birika. Haikuwa ikigombana na mtu.

Kisha nikafika kwenye ukurasa ulionifanya niketi chini. Kumbe baadhi ya maikrowevu zina hali ya maonyesho, iliyowekwa kwa ajili ya madukani, ambamo vitufe vinaitika na saa inahesabu lakini joto halitolewi kabisa. Maana yake ni kwamba mahali fulani watu wenye shahada walikaa kikaoni, wakanywa chai, wakakubaliana kwa kauli moja kutengeneza kitufe cha kujifanya unafanya kazi, na wakalipwa mshahara kwa hilo. Nilibonyeza mchanganyiko wa vitufe ulioelekezwa ili kuiondoa hali hiyo. Haikuwepo. Maikrowevu yangu inajifanya kwa juhudi zake binafsi.

Uchunguzi ukahamia mlangoni. Nyuma ya kulabu za mlango kwa kawaida huwa kuna swichi ndogo tatu, zinazohakikisha kwamba mawimbi hayatoki mlango ukiwa wazi, na mojawapo ikichoka, katika mashine nyingine taa na feni huendelea huku njia ya umeme mkubwa ikiwa imekatika. Kwa hiyo nikausukuma mlango uliofungwa, taratibu, kwa nyonga, sikio likiwa karibu na bati, nikingojea ule mngurumo mzito unaosikika magnetroni inapoanza kazi. Mke wangu aliingia jikoni, akanitazama nilivyoliegemea lile sanduku nimefumba macho, akatoka bila kuuliza. Mngurumo haukuja.

Shemeji yangu, aliyekuja na bisibisi ambayo hakuna aliyemwagiza, alitaka tulifungue hapo hapo. “Toa plagi tu, shemeji, umeme utakuwa umekwisha.” Haukwishi. Kapasita ya maikrowevu inaweza kuhifadhi chaji ya kumuua mtu hata baada ya plagi kuchomolewa, na ndiyo maana nyuma ya mashine pamebandikwa onyo ambalo shemeji alilisoma kwa sauti, kisha akauliza kama ningeweza kumshikia tochi. Nilimwonyesha kiti.

Fundi mwenye ujuzi wake alipokuja, alianza kwa kuiondoa chaji ya kapasita kabla ya kugusa chochote, jambo ambalo shemeji alilitazama akiwa mbali kuliko nilivyotarajia. Aliipima diodi kwa msaada wa betri ya volti 9, akieleza kwamba mita nyingi za kupimia umeme peke yake hazina nguvu ya kuifungua diodi ya aina hiyo na hudai kuwa imekufa hata ikiwa nzima. Ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekatika ni fyuzi ya umeme mkubwa. Nilishangilia mapema. “Mzee, fyuzi hii haijiui,” alisema, akaendelea kupima mpaka akaigundua magnetroni iliyopiga shoti, ambayo bei yake inakaribia kulingana na ya mashine nyingine nzima.

Sasa tunapasha chakula kwa sufuria wakati familia ikijadili kama tununue magnetroni au mashine mpya. Mama mkwe nimemweleza habari zote hizi kwa simu, kuanzia kapasita hadi gigahezi, akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata ilipokuwa nzima yeye hakuwahi kuona tofauti.